Chungu Kidogo cha Muzee Namegabe

Goma, Katoyi, 6 Februari 2000

Mwanangu Jeanine,

Amani iwe kwako, kwa mume wako na kwa mutoto. Huku tunaamka wazima, na kwa miezi hii hilo si jambo dogo. Askari bado wako barabarani, ila sukari imeonekana tena sokoni. Mimi ni muzima. Miguu tu inavimba jioni, viatu vinanibana. Muganga Edmond wa zahanati ya parokia alinipima tansio, presha ya damu, akapata kumi na tisa juu ya kumi na moja, akaniamuru niache chumvi. Nilimkumbusha kwamba habari za moyo alifundishwa nami, darasa la tano. Alicheka, akaniandikia hivyo hivyo.

Unauliza ninakula nini tangu mama yako atutoke. Chumba cha nyuma nimempa Nyiramahirwe, mama wa watoto wawili aliyekimbia vita vya Masisi. Yeye ananipikia. Nimemfundisha sheria za nyumba hii, na wewe uzishike huko. Mikono inaoshwa kwa sabuni au majivu kabla ya kugusa chakula chochote, hata ndizi. Magonjwa mengi ya tumbo yanapitia vidoleni. Maji yanachemka mpaka yatokote kweli, si kutoa mvuke tu. Sombe inapikwa muda mrefu, maana jani bichi la muhogo lina sumu yake ya asili, lakini lengalenga, mchicha wetu, haipendi moto mrefu. Na kama desturi yetu inavyotaka, anayepakua anaonja kwanza mbele ya mlaji. Nyiramahirwe anaonja bila kuombwa.

Hata hivyo Mama Nshobole, jirani yetu, ananiuliza kila Jumapili kama ninajua ukoo wa mutu anayenipikia. Unajua hofu ya karuho ilivyo huku: sumu ya polepole, mutu anakonda mpaka anazimika. Nimemwambia mimi ni mutu wa sayansi.

Barua hii anaibeba Kakule, dereva wa lori.

Papa yako, Namegabe

*

Kampala, 25 Februari 2000

Papa yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mume wangu anakusalimu, mutoto ameota jino la pili. Tunalala vizuri, ila nimeisoma barua yako mara tatu na sikulala.

Kumi na tisa juu ya kumi na moja, Papa. Mama alianguka jikoni kwa tansio hiyo hiyo. Asubuhi yake ulikuwa unamweleza mishipa ya damu inavyofanya kazi, na sambaza, dagaa wa ziwani, zenye chumvi zilikuwa mezani mbele yenu wote wawili. Sitaki kupata barua kama ile ya kifo chake tena nikiwa mbali na mpaka umefungwa.

Najua hupokei amri ya mutoto. Basi ninaomba jambo moja: mwachie huyo mama jiko. Kula anachopika, usiongeze kitu.

Mutoto wako, Jeanine

*

Goma, 19 Machi 2000

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe na wako. Ya kwangu sijui niseme nini juu yake.

Siandiki kwa hasira. Naandika kama nilivyowazoesha wanafunzi: unatazama, unaandika, ndipo unauliza. Kwanza, chakula kimepoteza ladha. Maharagwe yana harufu ya majani, na mdomoni hayana kitu. Nimekitafuta kibuyu cha chumvi, hakipo mahali pake. Pili, kuna vyungu viwili. Kidogo ni changu, kikubwa ni cha Nyiramahirwe na watoto wake. Zamani tulikula chungu kimoja. Anaonja changu, ndiyo, kijiko kimoja mbele yangu, kisha anakwenda kula kile kingine. Tatu, Kakule alipokuja kuleta barua yako nilimwona akimpa mama huyu karatasi iliyokunjwa, naye akaifungia katika pindo la kitenge. Nne, anatwanga majani, na nikiingia anayafunika.

Tano ni mwili wangu. Suruali inalegea. Viatu vilivyonibana sasa vinachomoka nikitembea.

Nilimpa kuku wa Mama Nshobole mabaki ya sahani yangu kwa wiki mbili. Kuku anataga kuliko zamani. Mama Nshobole anasema karuho inamjua mutu aliyechanganyiwa na haigusi mwingine. Hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma, lakini safari hii sikubishana naye. Alitaja pia jina la Nyiramahirwe, akasema jina tu, la Kinyarwanda, lilipaswa kunifungua macho. Hapo sikumkemea, na jambo hilo halikunipendeza.

Kwa nini uliniandikia nimwachie jiko? Nani alikuambia useme hivyo?

Papa yako

*

Goma, 9 Aprili 2000

Jeanine,

Nakusalimu. Hukujibu, au jibu limekwama njiani, na mimi sikuweza kungoja.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilimwita Victoire, binti mdogo wa Nyiramahirwe, mwenye miaka sita. Nilimpa kijiko kutoka sahani yangu. Alikitia mdomoni, akakunja uso, akatema chini, akamkimbilia mama yake. Mama Nshobole alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Mwalimu, hata mutoto anajua."

Nilimwambia Nyiramahirwe aondoke siku hiyo hiyo. Alisugua vyungu vyote viwili kwa majivu, akavifunika kwenye uchanja, akafunga vitu vyake. Amekwenda Munigi, nje ya mji, kwa shangazi yake, wanaishi chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi. Getini aligeuka, akasema, "Muzee, andikia Jeanine." Nilidhani anatafuta mtetezi.

Sasa ninajipikia. Ninatia chumvi kama zamani, na chakula kina ladha. Lakini sijui kwa nini, ninakula nikiwa nimesimama.

Papa yako

*

Kampala, 16 Aprili 2000

Papa yangu,

Pole kwa kungoja. Sisi wazima, ila mpaka ulifungwa, na barua yako ya Machi imenifikia leo. Nimeanza kwa kucheka, nikaishia kuogopa.

Ile karatasi ya kitenge ni yangu. Nilimwandikia Nyiramahirwe apunguze chumvi kidogo kidogo, kisha aiache kabisa. Nilimwandikia majani ya kutwanga ili chakula kisikose harufu: seleri, kitunguu saumu, ndimu juu yake. Vyungu ni viwili kwa sababu watoto wake hawali chakula kisicho na chumvi. Kibuyu nilimwambia akifiche. Na nilimwapisha asikuambie, maana ungeanza kumfundisha, na siku ya pili kibuyu kingerudi mezani.

Viatu vinavyochomoka, Papa, ndiyo habari njema kuliko zote ulizonipa mwaka huu. Ni maji yaliyokuwa miguuni.

Kosa ni langu. Mwombe radhi kwa ulichofikiri, kabla hajakijua.

Jeanine wako

*

Goma, 4 Juni 2000

Mwanangu Jeanine,

Amani kwako na kwa wote wa nyumba yako. Barua yako niliipata wiki tano baada ya Nyiramahirwe kuondoka. Wakati huo miguu ilikuwa imevimba tena. Edmond alinipima: kumi na nane. Akauliza nani alikuwa ananipikia mwezi wa tatu, tansio iliposhuka.

Nilikwenda Munigi kwa miguu. Nyiramahirwe anapika maharagwe kando ya barabara, ili auze. Nilipofika ilikuwa saa ya chakula, chungu kimejaa, na hakuna mutu. Watu walikaa kwa mama muuzaji mwingine, hatua kumi hivi, wakimtazama Nyiramahirwe. Neno la Mama Nshobole lilikuwa limefika kabla yangu, na lilibeba jina langu: Mwalimu Namegabe mwenyewe amemfukuza.

Nilimwomba radhi. Nilieleza mengi, unanijua. Aliningoja nimalize, kisha akapakua sahani, akachukua kijiko aonje.

Nikasema, "Usionje. Mimi ninakuamini."

"Muzee, sionji kwa ajili yako tena," akasema kwa sauti ndogo. "Ninaonja kwa ajili ya hao."

Nilikula sahani nzima. Nimerudi kila Jumamosi, nakaa pale wanaponiona, nakula. Nilimwambia chumba cha nyuma kiko wazi. Hajasema atarudi, hajasema hatarudi. Nimemwambia Mama Nshobole kwamba nilikosea, mbele ya kanisa, watu wakitoka misa. Hanisalimii siku hizi.

Jana wanaume watatu wanaoishi kwenye shitingi walisimama karibu, wanasitasita. Nyiramahirwe alifunua chungu, akanyoosha mkono kuchukua kijiko chake. Nilimtangulia. Nilichota maharagwe kwa vidole, yakiwa moto, kabla hajaonja, nikala mbele yao wote. Chumvi haikuwamo. Kumbe kila Jumamosi ananitengea chungu kidogo, na mimi nilidhani maharagwe yake yote ni hivyo.

Wale watatu walikaa, wakaagiza kutoka kile kikubwa, chenye chumvi.

Nyiramahirwe aliwapakulia. Kisha akasukuma kwangu beseni la maji na kisahani cha majivu.

"Mwalimu," akasema, "hata mikono hukunawa."

Papa yako