Leo Nimesema Kirundi Sokoni

Kasulu. Jumamosi, Juni 2015.

Asubuhi baridi, mchana vumbi, na tangu saa tano hasira haijanishuka. Naandika kwa simu, nimekaa kwenye kiti cha cherehani, mlango wa fremu nimeurudishia nusu. Mkiona makosa ya herufi mnisamehe.

Nilipohamia mtaa huu kutoka Kibondo, miaka mitatu iliyopita, jirani wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mama Zaituni. Ana duka la vyakula, ukuta kwa ukuta na fremu yangu ya ushonaji. Kwao ni Pangani. Aliletwa huku na ndoa, akazeekea hapa hapa. Siku ile aliniletea sahani ya wali na ushauri wa kuishi mjini. Maji ya bomba hutoka alfajiri, panga ndoo mapema. Taka usimwage mtaroni, bwana afya hana huruma. Mteja wa kwanza wa siku usimfukuze hata kama anakupotezea muda. Kisha akashusha sauti.

"Na ile lugha yenu, mwanangu, iache ndani. Ukiulizwa kwenu wapi, sema Heru Juu, kwa Waha. Kiha na Kirundi, nani atakutofautisha?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananikinga. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa vijana. Mimi nimezaliwa Tanzania, nimekulia Kumsenga, kule Kibondo, nimesoma huku, na cheti cha uraia ninacho. Lakini Mama Zaituni anaijua midomo ya mtaa huu kuliko mimi, nikamtii. Nikawa Muha wa Heru Juu, mahali ambapo sijawahi kulala hata siku moja.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwezi uliopita, huko Burundi kulipochafuka na mabasi yakaanza kupita hapa yakipeleka watu kambini Nyarugusu, basi moja liliharibika karibu na stendi. Mwanamke aliyekuwa dirishani aliniomba maji, kwa Kirundi. Nilikuwa na chupa mkononi. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Sielewi." Nikaenda zangu, na chupa yangu.

Wiki nzima sikulala vizuri. Lakini sikurudi kumtafuta.

Leo nilikwenda sokoni kununua uzi, nikakuta watu wamejazana kwenye meza ya Mama Kizito. Huyu anauza unga wa muhogo, na ndiye mteja wangu mkubwa kuliko wote. Ni mwenyekiti wa kwaya ya kanisani kwao, na sare zote za kwaya nilikuwa nazo mimi, nusu nimeshazikata. Mbele yake alisimama mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, miguu imeiva vumbi jekundu la njia ya kambini. Ameshika sikio moja la sufuria. Mama Kizito ameshika la pili.

"Mwizi huyu!" Mama Kizito alikuwa anapiga kelele. "Unga nimeshampa, sasa anataka na sufuria!"

Yule mwanamke alikuwa anaeleza kwa Kirundi, polepole, kama anamfundisha mtoto. Kwamba walikubaliana makopo manne ya unga kwa sufuria hiyo. Kwamba amepimiwa mawili. Kwamba kama ni mawili, basi unga wake auchukue, naye arudishiwe sufuria yake.

Hapo ndipo nilipochemka. Maana kila mtu pale alimwelewa! Kiha wanachozungumza nyumbani kwao na Kirundi cha yule mama vinapishana lafudhi na maneno machache tu. Wauza nyanya walimwelewa. Wauza maharage walimwelewa. Mama Kizito mwenyewe, ambaye huimba kwa Kiha akichekecha unga, alimwelewa neno kwa neno.

Muuza dagaa mmoja akacheka. "Anaongea nini huyu? Sisi hatuelewi!"

Na wengine wakacheka naye.

Nikapenya katikati yao. Nikasimama bega kwa bega na yule mwanamke, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitumba:

"Ntugire ubwoba, mama." Usiogope.

Alinigeukia kama mtu aliyeitwa jina lake. Anaitwa Speransia. Nikamwuliza yote upya, akajibu yote upya, nami nikayatamka kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, bila kuongeza chumvi. Kicheko kikakatika.

Mama Kizito alinitazama kuanzia miguuni. "Fundi. Kumbe na wewe ni wa huko?"

"Wazazi wangu walitoka huko. Mimi natoka Kumsenga. Mpimie makopo yake mawili yaliyobaki, Mama Kizito, au mrudishie sufuria."

"Miaka mitatu umenidanganya!"

"Nimekudanganya, nisamehe. Huyu hajakudanganya. Mpimie."

"Nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa aje akague makaratasi yako!"

"Twende wote. Nitayabeba mwenyewe. Lakini kwanza mpimie."

Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Ndipo mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwa Kiha kwamba yeye tangu mwanzo alisikia makopo manne. Mwingine akaitikia kwamba naye alisikia. Nilitamani kuwauliza mlikuwa wapi dakika kumi zilizopita. Sikuwauliza. Na mimi nilikuwa wapi siku ya basi?

Mama Kizito akapima. Alipima kwa hasira, unga ukamwagika mezani, lakini alipima makopo mawili kamili. Speransia akaufunga unga kwenye kitambaa chake, akapiga makofi mawili ya taratibu kunishukuru, kama wanavyofanya watu wa kwetu, akaondoka haraka. Alitakiwa kuwa kambini kabla ya jioni.

Saa nane Mama Kizito alikuja kwenye fremu yangu na wanakwaya wawili kuchukua vitambaa vyao. Vyote, hata vilivyokatwa. Hakunisalimia. Nilivikunja vizuri, vipande vya kila mtu peke yake, na karatasi ya jina na vipimo, ili fundi atakayepewa asihangaike. Sijui kwa nini nilijisumbua hivyo. Nadhani ni kiburi. Basi na kiwe kiburi.

Walipoondoka rafu ilibaki tupu. Ilikuwa kazi ya mwezi mzima ile, na wanakwaya wale wana dada na mashemeji. Naogopa, siwezi kusema siogopi.

Nikatoa cheti changu cha uraia kabatini. Nilitaka kukitundika ukutani, hapo kila mteja atakapokiona akiingia. Nyundo nilishaishika. Kisha nikajiuliza: Mama Kizito ametundika nini kwenye meza yake ya unga? Mwenyekiti wa mtaa akija na swali lake nitamwonyesha, ni kazi yake. Mteja atakayekuja na kitambaa nitampima kifua na kiuno. Nimekirudisha kabatini.

Mama Zaituni alikuja baada ya kufuturu, na bakuli la tambi. Sikujua kama amekuja kunigombeza au kunipa pole. Nadhani hata yeye hakujua.

"Soko zima linakuzungumza," alisema. "Nilikwambia nini mimi?"

"Uliniambia, Mama Zaituni. Na ulinitakia mema."

"Sasa umepoteza kwaya nzima kwa sababu ya makopo mawili ya unga ya mtu usiyemjua."

"Ndiyo."

"Na yakitokea tena?"

"Nitasema tena."

Akanisukumia bakuli. "Kula, zinapoa." Nilipokuwa nakula akanieleza kwamba huko Pangani, alipotaka kuolewa na mtu wa bara, majirani wa mama yake walishauri binti afungiwe ndani. "Nikaja hivyo hivyo," alisema. Halafu, kama aliyejikamata akisema kupita kiasi, akanipa ushauri mpya. Kesho nikienda kanisani nipite njia ya nyuma, kwenye mashine ya kusaga, na nifanye hivyo wiki mbili tatu, mpaka maneno yapoe.

Nilimshukuru. Bakuli lake nimeliosha, litamrudia asubuhi.

Lakini ushauri wake wa leo sitaufuata. Kesho nitavaa gauni langu la kijani na kupita katikati ya soko, mbele ya meza ya Mama Kizito, na nitamwamkia. Kwa Kirundi. Asipoitika, najua amenielewa.