Picha ya Baraza ya Juu

Jumamosi, 4 Juni 1977. Mutsamudu.

Roli mbili za filamu zimekwisha kwa vichochoro. Watu wa hapa wanajiona! Wanasema vichochoro vyao vyembamba kuliko vyetu vya Badjanani, mtaa wetu wa Moroni. Nikawaambia kichochoro si suruali, sifa gani kubana? Hawakunielewa, au walijifanya. Mama mmoja wa samaki alinitukana kwa lafudhi yao mpaka nikapenda — nikampiga mdomo wazi. Picha safi.

Kazi ya Komiti ya vijana hii, ndio wanaotawala mitaa siku hizi. Wanataka mitaa ya kila siku, Mutsamudu na Moroni, itundikwe ukutani, watu waone nchi mpya isiyo na mabwana. Wamenijia mimi. Wangemwendea nani? Miaka ishirini na minane kwenye studio Unguja! Nimepiga maharusi, makonsuli, maiti. Wote walitulia.

Meli ya kurudi ni kesho, mahamali wa bandarini wanasema. Walisema hivyo na Alhamisi.

Jumatano, 8 Juni. Moroni.

Nimefika. Sijavua viatu, dada yangu Hadjira ananivuta nyuma ya mlango: yamekwisha, Jumapili. Nini? Ndoa ya Djaouharia, binti yake. Ndoa kubwa, ada kamili, ile inayomfanya mume mtu mzima mbele ya mji! Serikali imepiga marufuku, basi wao wameifanya mchana kweupe, kimya, watu wakiingia wawili wawili kama wanaokuja kumwona mgonjwa. Ngoma hakuna. Nyama imepita mtaani ndani ya makapu, juu majani ya muhogo. Dhahabu Djaouharia kaivaa dakika tano, ikarudi chini ya mafiga.

Na mjomba wa bibi harusi, yaani mimi, nilikuwa Mutsamudu napiga mama wa samaki.

Hadjira anasema: ungekuja na kamera, ndiyo maana hatukukungoja. Haya.

Mume ni Elamine, karani mpaka Aprili, makarani wote walipotimuliwa. Amekaa na Djaouharia miaka tisa, watoto watatu, lakini ndoa ndogo hapa haihesabiki. Wiki iliyopita alikuwa mtoto. Leo ni mtu mzima, na ana miaka arobaini na minne. Mimi nina sabini na moja na ada sijafanya. Mtoto. Sijali.

Daftari hili naandika Kiswahili cha Unguja. Hadjira asome akiweza!

Ijumaa, 10 Juni.

Baada ya sala nimepiga bangwe letu, kiwanja cha nyuma ya msikiti. Lina baraza mbili za mawe. Ya juu ni ya waliotimiza ada, kila mtu kwenye nafasi ya ukoo wake. Ya chini ni ya wengine wote, hata wenye mvi mpaka puani. Mimi sikai kokote. Mpiga picha husimama. Miaka kumi na mitatu nasimama, na goti linajua.

Leo jua lilikuja upande, likawapiga kofia kumi na moja kwa mpigo. Sikuona watu, niliona mwanga. Nikabonyeza. Unguja wangenilipia kwa hiyo picha.

Jumatatu, 13 Juni.

Balaa.

Picha zimetundikwa kwenye ukuta wa bandari ya zamani. Watu wamejaa, wavuvi wanatafutana, wanachekana matumbo. Yangu ya baraza imewekwa katikati, ilivyostahili. Nilisimama karibu nayo ili wajue ya nani.

Akaja Saoudat, mkuu wa Komiti ya Badjanani. Miaka kumi na saba, suruali. Nilimpiga picha akiwa na miaka minne, akalia. Sasa analiza wengine. Akaitazama muda mrefu, kisha akaniita babu, kama watoto wote wa mtaa.

— Bakoko, Elamine amekaa wapi hapa?

— Juu ya mawe.

— Mwezi uliopita alikaa chini.

— Mawe ya chini yana unyevu.

— Na hawa wazee walisogea kumpisha kwa sababu ya unyevu?

Ana jicho! Katika wote pale ukutani, yeye peke yake alijua kuitazama picha. Karibu nimsifu. Kisha nikaelewa anachokiona. Wakithibitisha kwamba ada ilifanyika, Elamine atanyolewa kichwa hapo hapo kiwanjani mbele ya watu, dhahabu itachukuliwa, na Hadjira atawekwa ndani, maana nyumba ni yake.

Hadjira hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema: wewe na macho yako. Kisha: kesho utawaambia umekosea. Mimi? Nimekosea nini? Picha haina kosa! Akaniambia: basi mnyoe Elamine mwenyewe, wembe huo hapo.

Jumanne, 14 Juni.

Nimeenda. Nimesema.

Nimewaambia kamera yangu ni ya zamani, haijifungi yenyewe. Usiposogeza filamu, picha mbili zinalala kitanda kimoja. Alhamisi nilimkalisha Elamine barazani peke yake, kujaribu mwanga. Nikasahau kusogeza. Ijumaa nikapiga wazee juu yake. Uzee, nikasema. Macho.

Walicheka wote! Mmoja akaniuliza kama Unguja nilikuwa napiga picha au nafagia studio. Nikacheka nao. Hilo silisamehe mpaka kaburini, na sijui nimnyime nani msamaha.

Saoudat hakucheka. Akasema, kwa upole kabisa: basi rudia, Bakoko. Ijumaa, watu wale wale, filamu mpya. Mimi nitakusogezea. Na utaisafisha nikiwa mlangoni.

Alhamisi, 16 Juni.

Hadjira kapita nyumba kwa nyumba. Kesho Elamine atakaa chini. Alilia, eti ada yake imedumu siku kumi na mbili. Mwanamume mzima! Nikamwambia chini ni pazuri, kuna upepo.

Hadjira hakuridhika. Kaniapisha: hata akikaa chini, filamu niiharibu, hawa wazee hawaaminiki. Dawa ya kusafishia filamu inataka dakika nane. Ukisahau mpaka ishirini, filamu inakuwa nyeusi kama sufuria. Uzee, utasema tena. Nimeapa.

Ijumaa, 17 Juni.

Elamine alikaa chini, kama alivyoagizwa. Saoudat alisimama begani kwangu, akasogeza filamu kwa vidole vyake, mara mbili akahakikisha. Nikainama kutazama kiooni.

Wapumbavu hawa! Wameacha nafasi.

Wazee kumi juu, na kati ya wa nne na wa tano, upana wa mtu mmoja, mawe matupu. Kwa macho nikamwashiria mzee Housseini, yule wa nne: sogea! Akanitazama kama nimemwambia avue nguo. Ile ni nafasi ya ukoo wa Elamine. Walisogea mara moja kumpisha, kurudi hawarudi. Wangekaa hivyo hata nyumba ikiungua. Na Elamine chini yake, sawasawa na ule uwazi, kichwa kimeinama. Jua likaingia pale palipo patupu.

Nikabonyeza. Ningefanya nini?

Sasa niko chumbani chini ya ngazi. Saoudat amekaa kizingitini. Hadjira kampelekea chai, nasikia anamsifia mama yake kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia. Mimi nilihesabu dakika. Tano. Saba. Nilisema nitaacha. Nane ilipofika mkono ulikwenda wenyewe ukaitoa. Sikuutuma! Miaka yote hiyo unatoa kwenye nane.

Imepita dawa ya pili, nimeiinua filamu kwenye taa. Hata hapa ambapo weupe ni weusi, nafasi inaonekana. Inaonekana kuliko watu.

Anagonga. — Bakoko, tayari?

Hadjira anamwongezea chai.

Mkasi uko mezani, nimeuona; mkato mmoja tu, na picha haipo. Maji nayo yanapita juu ya filamu. Nimemwambia Saoudat: bado, mwanangu, haijaoshwa. Na kweli haijaoshwa. Inataka nusu saa, maji yabadilishwe mara sita, la sivyo baada ya miaka inaota madoa. Watu wengi hawana subira hiyo.

Anagonga tena. Nimebadilisha maji mara ya nne.