Matusi ya Ngoma Nayajua, Haya ya Kompyuta Yamenishinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukicheka cheka kidogo, maana hapa Didia gazeti lako husomwa kwa sauti. Mimi ni mzee wa darasa la nne, nauza dawa ya mgongo, na nacheza ngoma upande wa Bagika tangu ujana. Mwaka huu Rohit, mwenye duka la vipuri Shinyanga mjini, ambaye sote tunatumia kompyuta yake kwa barua pepe, akasema mzee, dawa yako tuitangaze dunia nzima, akanionyesha kijiwe humo humo kwenye kompyuta, watu wasiojuana sura, kazi yao kugawiana anwani na kufundishana kuwatumia watu matangazo wasiyoyaomba, wakifungiwa wanabadili jina, basi tukajiunga, tukatuma matangazo ya dawa mpaka Ulaya kwa watu ambao hawajawahi kushika jembe. Majibu yakaja: mwizi, mbwa, tuondolee kero. Mimi nikafurahi, kwa sababu sisi tukishindana na wapinzani wetu Bagalu, ukiona wanakutukana kwa nyimbo ujue watazamaji wamehamia kwako, hivyo nikamwambia Rohit ongeza, nikatunga na matusi ya kuwajibu, matamu kweli, na kijiwe kikatupongeza. Kumbe wamelalamika kwa wenye mtambo wa barua pepe Dar, anwani ya duka imefungwa, mji mzima umenuna, na jirani yangu mjane, Mama Ndaki, hapati barua za mwanaye anayesoma Urusi. Nikimwamkia kwa mwangaluka ananijibu, "Kaamkie kompyuta." Na huyo mjane, nisikufiche, nilishaanza kumtafutia ng'ombe wa mahari. Kijiwe kinasema tuchukue jina jipya tuendelee. Nifanyeje?
Jilala, Didia

Shikamoo, mzee Jilala. Nimecheka, kisha nikakasirika. Ngomani mtu huja kwa miguu yake, akichoka anaondoka. Hawa umewafuata majumbani mwao, wakakwambia toka, ukawaimbia. Hizo pongezi zisikulevye, hakuna mtu wa kijiwe atakayekuletea uji ukiugua.

Najua sasa unataka kuwatumia wote barua ya kuomba radhi. Usithubutu. Hiyo nayo hawajaiomba. Nenda kwa Rohit, mjitoe kijiweni, anwani zote zifutwe mbele ya macho yako, kisha muwaeleze wenye mtambo mlichofanya bila kukipamba. Huwafungulia watu wanaokiri na kuacha. Wakati mnasubiri, Rohit ana gari, apeleke barua za watu Mwanza kwenye kompyuta nyingine, nawe upande naye. Kwa majirani, desturi ya kwenu unaijua: aliyekosea wenzake hutoa mbuzi, wakamla, yakaisha. Toa kabla sungusungu, walinzi wa kijiji, hawajakuita.

Mama Ndaki bado anakutania, na mwanamke aliyekuchoka hajisumbui. Ila ng'ombe wabaki zizini kwanza. Barua ya mwanaye ikifika, mpelekee mwenyewe, umpe mkononi, usitaje dawa wala ndoa. Kaa kimya, ingawa najua itakuuma, umwache asome mpaka mwisho.