Dada Rudia wa Dirisha la Dawa

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu homa ile ikuchukue kwa wiki moja tu, ukatuachia nafasi yako mezani na kandambili zako mlangoni. Mezani pako bado hakai mtu. Kandambili anazivaa binti yako, zinamtosha kabisa.

Waliokujua kwa jina lako ni wachache kuliko waliokujua kwa Dada Rudia. Wagonjwa wa kliniki ya tumbo ndio waliokupa jina hilo, maana mtu hakuondoka na dawa dirishani pako mpaka akurudishie maelezo kwa mdomo wake mwenyewe.

"Haya baba, rudia nisikie."

"Si umeshasema wewe?"

"Mimi nimesema. Sasa sema wewe."

Yule mzee dereva wa lori alikung'akia siku ya kwanza, "Kwani hapa ni shule?" Ukamjibu, "Shule ukikosea unapigwa mkasi mwekundu daftarini. Hapa ukikosea unatapika damu." Akarudia kama kasuku. Siku ya msiba wako alinijia, kofia mkononi, akaniambia, "Mama, mimi bado nameza kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya chai." Pole hakunipa. Nikaona hiyo ndiyo pole yenyewe.

Dirisha lile lilikuwa lako kabla halijawa la mtu mwingine. Zamani daktari aliandika dawa, mgonjwa akatoka na karatasi yake kwenda kuhangaika. Duka hili hakuna, duka lile ipo nusu, la tatu wanampa nyingine eti zinafanana. Siku chache tumbo likitulia anaziacha, na kidonda kinarudi na ndugu zake. Wewe, mfamasia kijana wakati ule, ndiye uliyemshawishi Daktari dawa zikae pale pale kliniki, ili mgonjwa akitoka chumbani kwake aje moja kwa moja kwako. Ukadai na benchi, mtu akae chini akusikilize. Ukawaambia waje na dawa zao zote za nyumbani, wazimwage mbele yako. Ulizichambua kama mchele: hii endelea nayo, hii imeshaoza, hii ya mgongo ndiyo inayokutoboa tumbo, mwambie Daktari akubadilishie.

Nyumbani ulikuwa yule yule. "Mama, umemeza?" Nimemeza. "Kabla ya kula?" Wewe ni askari? Ukacheka kwa pua, lakini jibu ulilitaka. Na ukifua uliimba vibaya, majirani wakafunga madirisha, nawe ukazidisha sauti kwa makusudi. Siku hizi madirisha yao yako wazi, na mimi siupendi ukimya huo.

Sasa nikwambie habari za mabwana wakubwa wale.

Unamkumbuka Meneja, mtoto wa dada yake Daktari. Kijana wa kujipulizia marashi mpaka wagonjwa wa kichefuchefu wanahama benchi. Alisimama nyuma yako na saa yake, akasema foleni haitembei, maneno ni mengi. Wakakutoa dirishani, wakakuweka stoo ya nyuma na maboksi. Benchi wakalitupa. Dawa zikaanza kufungwa mapema kwenye mifuko inayong'aa, yenye jina la kliniki kwa rangi ya dhahabu, mgonjwa akasukumiwa mfuko wake na neno moja: "Anayefuata!" Mama mmoja wa mtaa wetu wa nyuma alipewa unga wa kusafisha utumbo, wa kunywa kabla ya kupimwa kwa kamera. Wewe ungemwambia anywe lini, na siku hiyo asikae mbali na choo. Yeye aliambiwa anayefuata. Akanywa asubuhi, akapanda basi. Yaliyompata hayaandikwi kwenye kumbukumbu ya mtu ninayemheshimu.

Wewe siku ile walipokutoa dirishani, uliporudi hukulia. Ulivua viatu, ukasema, "Mama, leo sijasikia sauti ya mtu." Ukaingia ndani. Na Daktari, aliyekuwa akikuita mkono wake wa kulia, alikuwa akipita mlango wa stoo akiangalia simu. Sijui mtu gani anaukata mkono wake wa kulia, kisha anaupita njiani bila salamu. Stoo ndiko ulikokuwa mpaka homa ilipokuja.

Basi mwezi huu huyo Meneja amekuja kwetu. Kaka yako alikuwepo, na binti yako pia, ambaye nikwambie amemaliza chuo, naye ni mfamasia kama wewe. Meneja akakaa kwenye kochi letu kama analipima. Akasema kliniki inataka kuandika kumbukumbu hii pamoja nasi, jina lao litangulie, letu lifuate, na picha yako itundikwe pale dirishani. "Marehemu alikuwa nguzo yetu, Bibi."

Nguzo! Nyumba gani inang'oa nguzo yake ikaificha stoo? Wamekutesa uhai wako, sasa wanataka kukuvisha kilemba cha ukoka, tena wakivishe kwa mikono yetu. Mimi ni mtu wa kungoja, unanijua. Debe tupu nililiacha livume, nikidhani litachoka. Halikuchoka. Mwisho likatoa lililokuwa ndani: nafasi yako dirishani itakuwa ya binti yako, aanze mwezi ujao, mradi sisi tukubali hilo la jina.

Hapo, mwanangu, nilivitazama viatu vya binti yako pale mlangoni. Mtoto amezunguka na vyeti vyake mpaka soli zimeisha, na kote ni tutakupigia, tutakupigia. Kaka yako akanikanyaga mguu chini ya meza. "Mama, kubali. Ni jina tu hilo." Najua jina tu. Najua na njaa. Nikamgeukia mwenyewe binti yako, sikumsemea.

Meneja akadhani ukimya wetu ni ndiyo. Akatoa mfuko wake wa dhahabu. "Na hii ni zawadi, Bibi. Dawa yako ya tumbo, tumekuletea mpaka mlangoni."

Binti yako akaupokea, akaugeuza huku na huku. "Bibi anaitumiaje?"

"Maelezo yamo ndani."

"Bibi hasomi maandishi madogo kama chawa. Mwambie kwa mdomo."

"Kutwa mara moja."

"Kabla ya kula, au akishakula?"

"Aa, wakati wowote unaomfaa."

Nikamtazama. Mtu mzima, na tai shingoni.

"Na dawa nyingine anazotumia, umemuuliza?"

"Dada, siku hizi hatumpotezei mgonjwa muda."

Binti yako akausukuma ule mfuko mezani taratibu, mpaka ukamgota Meneja kwenye tai. Akasema, "Haya, kaka. Rudia nisikie."

"Nirudie nini?"

"Ulichomwambia mama yangu siku uliyomtoa dirishani. Bibi hakuwepo, na yeye ndiye unayemwomba jina."

Loh! Uso wa yule kijana ungeuona. Akasema hayo ni mambo ya utawala. Binti yako akasema rudia tu, ni maneno yako mwenyewe. Akatafuta kwa macho pa kutokea, akamtazama kaka yako, na kaka yako, aliyekuwa akinikanyaga, akauondoa mguu wake. Meneja akachukua mfuko wake akaenda, hata kuaga hakuaga. Mto wa kochi tuliuanika juani, marashi hayakutoka upesi.

Meneja alipoondoka, binti yako aliketi kando yangu. "Bibi, nimeipoteza kazi." Nikamwambia, "Kazi unayo. Umekosa mahali pa kuifanyia." Lakini usiku ule sote tulikula kidogo, sikufichi. Bado anatafuta.

Naye kaka yako alinyanyuka. Akaingia kwenye karakana yake ya useremala, akatoka na benchi, akaliweka barazani petu. Hatuuzi dawa, wala hatuna dirisha. Jioni majirani huja na mifuko yao ya dawa, wakaimwaga, na binti yako akachambua: hii endelea, hii umuulize daktari kwanza. Nami nikiwa ndani namsikia, "Haya mama, rudia nisikie," halafu nasikia sauti ya mtu, halafu ya mwingine.

Ile nafasi ya kwanza ya jina ambayo kliniki waliitaka, tumempa aliyestahili.

Wanaokukumbuka ni mzee dereva wa lori, aliyeomba awemo, mimi mama yako, binti yako, kaka yako fundi seremala na wifi yako, na wote waliowahi kukaa kwenye benchi lako.

Tutakukumbuka daima, mwanangu. Na atakayetuuliza ulikuwa nani, tutarudia asikie.