Kufuli la Mlango wa Pembeni

Jumanne, 5 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Mimi ndiye niliyefunga mlango. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Sasa naweza kukuamkia: shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huku miili ni mizima.

Habari za tamasha la Jumamosi nadhani zimekufikia. Tangu nimalize shule nafanya kibarua pale ukumbini, na siku ile nilipangwa mlango wa pembeni, ule wa dharura. Mlinzi mkuu ndiye aliyenipa kizibao cha njano na ufunguo. Sisi tunamwita Mzee Taratibu, maana foleni ikivurugika husema, "Taratibu, wanangu, taratibu," mpaka watu wanacheka wenyewe. Aliniambia, "Ukishafungua, hili kufuli lisirudi mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke. Kufuli ni wewe."

Basi wasio na tiketi wakagundua mlango wangu. Mmoja alisema yeye ni shemeji wa mpiga ngoma. Mwingine amesahau mtoto ndani. Halafu wakaja watatu kwa mpigo, eti ni mashemeji wa yule shemeji. Mama Mdogo, mimi kumwambia mtu mzima "hapana" nashindwa. Ulimi unaganda kama nimelamba gundi. Walipita kumi na mmoja. Nikaona nitafukuzwa, nikafunga kufuli, nikatia ufunguo mfukoni, nikasogea kivulini. Nilipata raha. Kufuli haliombwi likaona aibu.

Saa tisa alasiri waya wa spika ukatoa cheche. Moto haukuwepo, moshi tu, lakini nani angesubiri kuuliza? Watu walikimbilia kwangu. Nilisukumwa mpaka ukutani, ufunguo mkononi, mlango hatua sita mbele yangu. Nilipaswa kupiga kelele, "Ufunguo ninao, nipisheni!" Sauti haikutoka. Wanaume walivunja bawaba kwa benchi. Hakufa mtu, lakini watoto walikanyagwa, na mama mmoja alivunjika mkono sehemu mbili.

Jana meneja akaniita. Nikajua yamekwisha. Kumbe alitaka mwandiko wangu. Wageni wameleta malalamiko, mengine yameandikwa nyuma ya bahasha, na mimi niyanakili vizuri kwa ajili ya kikao cha Ijumaa ya wiki ijayo. Mmoja ameandika: "Langoni mlinipekua mpaka kwenye nepi ya mwanangu, mkachukua maji yake. Moshi ulipotokea sikuona mlinzi hata wa dawa." Mwingine: "Nilimuuliza kijana wa kizibao pa kutokea, akasema yeye ni wa magari tu." Mwingine tena: "Juu ya mlango pameandikwa TOKEA HAPA. Nilitii. Nikakuta kufuli."

Nimenakili thelathini na nane. La thelathini na tisa sikulinakili. Ni la yule mama wa mkono, ameliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku: "Msichana mwembamba alifunga akaweka ufunguo mfukoni. Nilimwona. Nataka kujua kwa nini." Karatasi hiyo iko chini ya godoro langu.

Mzee Taratibu amesimamishwa, kwa sababu ufunguo umesainiwa kwa jina lake. Kikao ndicho kitakachoamua kama atafukuzwa. Nifanye nini?

Mwanao

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo wangu sijaukumbuka tangu barua yako ifike. Jana nimeshona shati la mteja, mikono yote miwili nikaiweka upande mmoja. Akaniuliza, "Fundi, umeanza kushonea kaa?" Ujue uko kichwani mwangu.

Sitakudanganya kwamba hukukosa. Umekosa mara mbili. Kufunga ulifunga kwa haya, na haya umezaliwa nayo, hata kliniki ulikuwa unajificha ndani ya khanga yangu. Lakini karatasi ya mtu umeificha ukiwa umekaa kwenye kiti, akili yako timamu, hakuna aliyekusukuma. Hilo ndilo linaloniuma. Ila bado lina dawa mpaka Ijumaa.

Hotuba huhitaji. Ingia, toa karatasi, iweke mezani, sema "hii nilisahau" hata kama ni uongo mdogo, halafu waache wasome. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe habari za kuzaa ziache kwanza, lakini maana umeipata.

Kula. Najua huli.

Mama Mdogo

Jumamosi, 16 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na wateja wanapata mikono yao pande zote mbili.

Nilikwenda. Karatasi niliikunja nikaiweka ndani ya soksi. Walikaa watu saba, meza ndefu, na mimi mwisho wa meza niandike yanayosemwa. Mzee Taratibu alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mstari wa mkono unaonekana. Walipomuuliza kuhusu ufunguo alisema, "Ufunguo ni wangu." Wakamuuliza nani alifunga. Akasema tena, "Ufunguo ni wangu, waheshimiwa."

Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye la kuongeza?" Akarudia mara ya pili, akazungusha macho, yakafika kwangu. Nikasimama, Mama Mdogo. Nilisimama kabisa. Nikafungua kinywa, nikauliza kama kuna anayetaka chai.

Wanne walitaka. Nilipokuwa namimina wakamwachisha kazi.

Alirudisha filimbi na tochi, akashikana mkono na kila mtu. Kwangu alisema, "Haya mwanangu, kazi njema."

Mwanao

Alhamisi, 21 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomtetea yule mzee. Nimeona chai tu.

Usiniandikie mpaka uwe na la kuandika.

Mama Mdogo

Jumapili, 5 Mei

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Nimekutii, wiki sita sijaandika, ingawa kila nilipoona mtu akishona nilitaka kukuuliza hali. Nakuuliza sasa: mgongo? macho? Mama anakusalimu na kukuambia tumepata mvua.

Nilianza na yeye. Nilimkuta anafua shuka, nikamwambia yote. Alilifikicha shuka mpaka mwisho, akalikamua, akalianika, ndipo akasema, "Vaa viatu."

Tukaenda kwa meneja. Alisema faili limefungwa, na mimi ni mtoto mzuri, nisijitafutie balaa. Tulirudi mara tatu. Mara ya nne sikwenda kusema. Niliandika. Nililinakili lile lalamiko la thelathini na tisa, chini yake nikaandika kwamba msichana huyo ni mimi, nikaambatisha karatasi yenyewe, nikapeleka nyumbani kwa mwenyekiti. Wameitisha kikao kingine tarehe ishirini.

Kwa yule mama nilikwenda peke yangu. Anwani ilikuwa kwenye karatasi. Alinisikiliza mlangoni, mkono bado umefungwa shingoni. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo uliona haya?"

"Ndiyo, mama."

"Uliona haya kuwaambia watu hawana tiketi."

"Ndiyo."

Akatazama vidole vyake, vinatokeza kwenye bandeji, havikunjiki. "Mimi nilikuwa msusi," akasema. Kisha akafunga mlango, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Kutoka pale nikaenda kwa Mzee Taratibu. Nilimkuta uani anapaka rangi kiti. Nikamwambia ni mimi niliyefunga. Aliendelea kupaka mguu mmoja mpaka ukaisha.

"Najua," akasema. "Saa nane nilipita pale nikaliona kufuli. Na wewe nikakuona kivulini, umejikunyata kama kifaranga aliyenyeshewa. Nikasema, nikimkemea huyu mbele ya watu, atalia na kesho hatarudi kazini. Acha zamu iishe, nitamwambia pembeni. Nikapita."

Nikamsogezea kopo la rangi.

"Miaka yote nawaambia watu taratibu," akasema, "na siku hiyo moja nilitakiwa kukimbia. Sasa unajua kwa nini sikujitetea."

Nikamwambia kuhusu kikao cha tarehe ishirini, kwamba huenda akarudishwa langoni. Brashi ikasimama. Nikaona jinsi anavyotamani, Mama Mdogo, mpaka nikageuza uso. Mkewe alikuwa anatuletea maji. Mzee akaninong'oneza haraka, "Huyu anaamini nilionewa. Mwache aamini." Halafu akapokea maji akamshukuru.

Nimelifikiria njia nzima. Nikisema kwamba aliliona kufuli akapita, hatarudi tena kazini. Nisiposema, yule msusi aliyeuliza kwa nini atakuwa amepata nusu ya jibu, na nimempa mimi, kwa mwandiko mzuri. Nimeamua, na sina uhakika kama ni wema au ni haya zangu zilezile zimevaa nguo nyingine. Tarehe ishirini nitasimama niseme ni mimi peke yangu.

Yangu mwambie umtakaye, hata wateja wako. Lakini hili la mzee, Mama hajui, na nimekuambia wewe kwa sababu nimeshindwa kulibeba peke yangu. Usimwambie mtu. Ukimaliza kusoma, ichome barua, na mkikutana na Mama, akikuuliza niliandika nini, mwambie niliuliza habari za mgongo.

Mwanao