Keji Atasoma Uinjinia

Gudele, Juba, Jumapili, 2008

Nacheka peke yangu kama mlevi, na leo sijaonja hata tone!

Mjukuu wangu Keji amepata nafasi chuo kikuu na anataka uinjinia wa maji. Leo mjomba wake alikuja kumzuia, maana kwetu mjomba naye hula mahari.

"Mzee, msichana mwenye grisi mikononi nani atamtolea ng'ombe? Asome utawala, akae ofisini."

"Na hao ng'ombe watakunywa utawala?" nikamuuliza. "Tangu amani ije, Juba hii kila mtu ni mkurugenzi, na bado tunanunua maji ya mto kwa mapipa. Hata wewe, mjomba, leo hujaoga. Nasikia harufu yako kutoka hapa."

Keji akakimbilia ndani kucheka. Mjomba akanuna, halafu naye akaangua kicheko.

"Khalas, basi, asome. Lakini bomba la kwanza lije mtaani kwangu, Sherikat!"

Nimeshinda! Ila masomo ni miaka mitano, na kifua changu hiki kinavyokohoa... Naogopa. Nataka niyaoge maji ya Keji mwenyewe, kabla watu hawajaniosha.

Kesho naacha sigara. Au kesho kutwa.