Sauti ya Kasuku

12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku wazima. Kazi ya kuchomelea inakwenda, macho tu ndiyo yanalalamika.

Najua niliondoka msibani mapema na watu wamesema. Lakini kuna jambo limenikaa. Yule mzee mwenye magongo alilipita jeneza la Baba, akaja kusimama mbele yako, akakupigia saluti wewe. Kwa nini wewe?

Na la pili niliseme, maana nimelibeba tangu utotoni. Niliwahi kuchungulia jikoni nikamwona Baba amekushika koo. Ulikuwa umetulia tu, hata hupigani. Toka siku ile moyo wangu ulimkataa, ndiyo maana machozi hayakutoka.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito.

Sikuwahi kukuambia kuwa nilikuwa jeshini. Wakati wa vita nilikuwa mtu wa redio, nyuma ya mapigano, katika darasa ambalo madirisha yake yalizibwa kwa magunia ya mchanga. Kikosi chetu kimoja kikazingirwa mlimani. Mtu wao wa redio alikuwa kijana mwenye maneno mengi, wenzake wakimwita Kasuku. Makombora yanaanguka, yeye ananiuliza kama nimekula. Nikimwambia, "Nakupata, endelea," anacheka: "Dada, ndilo neno pekee ulilofundishwa?" Alinielekeza mizinga ya adui ilipo, nami nikawapasha wakubwa, mpaka njia ikafunguka na wenzake wakatoka. Yule mzee wa magongo alikuwa mmoja wao. Kisha nikasikia kishindo, na Kasuku akanyamaza.

Vita vilipokwisha nilimtafuta hospitali ya jeshi. Nilimkuta mzima, ila masikio yote mawili yamekufa. Nikajieleza mimi ni nani, akatikisa kichwa. Alikuwa bado hajajifunza kusoma midomo. Nikauchukua mkono wake, nikauweka kooni pangu, nikasema taratibu, "Nakupata, endelea." Akalitambua. Alilia mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Kasuku ndiye baba yako. Ulichokiona jikoni ni mtu anayemsikiliza mkewe.

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Nilisomea barua yako karakanani, nikashindwa kuwasha mashine. Wenzangu walidhani nimepata msiba mwingine. Kwa kweli ni huo huo, ndiyo kwanza umenifikia.

Lakini nisaidie. Baba niliyemjua mimi hakuwa na maneno. Alinyoosha kidole tu: lete, weka, toka. Huyo Kasuku alikwenda wapi? Na kama alikuwa na maneno, mbona mimi sikupewa hata kidogo?

Mwanao

1 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Lia tu, usione aibu kwa wenzako.

Mtu asiyesikia hajui kama anapayuka au ananong'ona. Ulipokuwa mdogo aliongea nawe sana. Siku ya kwanza alipokupeleka shule alimsalimu mwalimu wako, darasa zima likaangua kicheko, nawe ukainamisha kichwa. Ulikuwa mtoto, hukukosa lolote. Aliporudi alikaa kwenye kibao chake cha kushonea viatu bila kugusa sindano. Akaniambia, "Sitamwaibisha tena mtoto." Kuanzia hapo maneno yake yote alinipa mimi, na mlango amefunga. Nilimsihi miaka na miaka. Alikuwa mbishi kama wewe.

Hakukuchukia. Alikuonea haya.

Ulipohama, alipata habari kwa watu kuwa geti jipya la zahanati ya huko ni kazi yako. Alipanda basi peke yake, bila kukuambia. Mlinzi alimwona mzee anapapasa kila kiungio, akadhani ni kichaa, akataka kumfukuza. Baba yako akamwambia, kwa sauti iliyowatoa wagonjwa nje, "Limetengenezwa na mwanangu!"

Aliporudi alilisimulia geti hilo kutwa nzima, mkono wake kooni pangu asije akakosa jibu, mpaka nikamwomba anyamaze nipate kupika.

Mama yako